Gitaa Nene la Babu

Salvina mjukuu wangu,

Mtori uko kwenye sufuria ya bluu. Ng'ombe wape majani kabla hujaoga.

Nimeenda Majengo na gitaa lako la umeme ~~kuulizia tu~~ kulibadilisha, maana mwenye duka alisema mwisho ni leo.

Asubuhi babu yako amenishikisha jani la isale nikupe, umsamehe kwa kununua gitaa nene bila kukuuliza. Bado anasema, "Nene ndilo gitaa, jembamba ni sinia." Kwa mila yetu, anayeombwa msamaha kwa isale hawezi kukataa. Ukilipokea, utalipiga gitaa hilo hilo nene mpaka uzeeke. Nikikupa nimekufunga, nisipokupa nimemdharau mume wangu.

Alipokwenda kukamua nikalivaa hilo gitaa mwenyewe. Ukingo umenichoma mbavu, mkono ukakaa juu kama nimeegemea geti, bega likalegea. Na sauti si inatoka kwenye spika? Lile jembamba ulilojaribu dukani linalala kifuani, ingawa shingo yake huinama kidogo.

Isale nimelifunga kwenye pindo la kanga, naondoka nalo. Babu akiuliza kama nimekupa, sema hujaniona. Jioni wewe utakwenda mazoezi ya kwaya. Mimi nitabaki naye hapa ndani.

Bibi yako