Kidole Gumba cha Shangazi

Tarehe 9 Agosti. Miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia na shemeji hajambo. Wanao ninaokaa nao huku wazima, suruali za Kibonge zimeanza kumbana. Hao ndio wazima. Mimi usingizi umenikimbia.

Unajua tunapaka rangi kuta za jumba la sanaa. Jumatatu jumba lilikuwa limefungwa, nikamwomba mlinzi, rafiki yangu wa kula sahani moja, aniruhusu niwaonyeshe watoto picha. Akatuingiza kwa mlango wa nyuma, akawaambia waweke mikono mgongoni. Kibonge akamuuliza kama picha zinauma.

Roho ilikuwa juu juu tangu mlangoni. Sakafu ile inateleza, na Kibonge akaona hapo ndipo pa kukimbilia. Huku namfukuza nikimwita kwa kunong'ona, dada yake akabaki nyuma. Huyo tumempa jina la Shangazi, kwa jinsi anavyotuamrisha. Nilipogeuka, alikuwa mbele ya picha mpya ya mwanamke anayeshona, kidole gumba kimezama shavuni mwa huyo mwanamke.

Akaniambia taratibu, “Mjomba, hii bado haijakauka.”

Usimgombeze. Mimi ndiye niliyemfundisha. Vibarua vyangu vya Jumapili nakwenda nao, na ni yeye anayepima ukuta kwa kidole kabla sijapiga mkono wa pili wa rangi. Nilimsifu mpaka akajiona fundi.

Nilimfuta kidole kwa shati langu, tukatoka mbio.

Kesho yake msimamizi wa jumba alitukusanya sote. Alisema alama ni ya mtoto, akataka kujua nani alimwingiza. Mlinzi alinitazama. Alinipa muda, dada, muda wa kutosha kabisa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Basi mlinzi akasema huenda alisinzia akaacha mlango wazi. Akavuliwa sare palepale, mbele yetu.

Leo siku ya nne, na ukiacha mlinzi na watoto, hakuna anayejua ila wewe. Jana nilipishana naye sokoni, akanisalimia kama kawaida na kuuliza watoto hawajambo. Bora angenitukana.

Nikimaliza kuandika naenda kwa msimamizi kusema yote. Kibarua sitabaki nacho, hilo nimeshalikubali.

Msalimie shemeji na majirani. Nilikuambia nitarudi mwakani. Sasa mtutazamie Jumamosi ijayo, mimi na watoto, na mizigo yangu yote.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi rangi