Kitanda cha Corey na Ufunguo Ndani ya Kopo la Unga

Bi Thelma mpendwa,

Nakusoma kila Alhamisi kabla hata sijaangalia matangazo ya vifo, na sikuwahi kufikiri ipo siku nitakuwa mimi ninayekuandikia, maana sisi huku si watu wa kumwaga mambo ya nyumbani kwa jirani, sembuse gazetini, lakini nimefika mahali sijui nisonge mbele au nirudi nyuma, na naomba unisaidie kabla sijafunga virago. Majina nimeyabadilisha.

Mume wangu nimwite Verlyn. Tuna trela ya kupigia kambi, zile za kizamani, fupi, imeviringika kama mkate, bati nje na mbao za rangi ya asali ndani, aliinunua baba yake kabla mimi sijaolewa kisha tukaachiwa sisi, na kila kiangazi tulikuwa tunaivuta mpaka ziwani, mimi na Verlyn tunalala kwenye kile kitanda kinachokunjuliwa kutoka mezani, na mwanetu Corey, mtoto wetu pekee, kwenye kitanda cha juu kule nyuma, chini ya dirisha. Corey alirefuka mapema, akawa hatoshi pale juu pamoja na fimbo yake ya kuvulia, na hakukubali kulala mbali nayo, basi akachukua kisu changu cha mkate akakata pembe ya ubao wa kitanda ili fimbo ipite, mkato mbaya kweli, umepinda huku na huku, baba yake akamfokea kisha akatoka nje kwenda kuchekea huko. Dirishani alibandika stika za samaki, moja kila kiangazi.

Corey alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa Machi, barafu ya ziwa imeanza kulegea kwa chini, alipita na pikipiki yake ya theluji njia ile ile ambayo kila mtu huipita, barafu ikapasuka. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Zamani Verlyn alikuwa ananiita Mama na mimi namwita Baba, kama wazazi wetu walivyokuwa wakiitana, lakini tangu mazishi tunaitana kwa majina, kama watu wa ofisi moja, wala sijui nani alianza. Trela ilibaki imesimama nje kando ya banda, na mimi niliweka sharti moja tu, kwamba dirisha la Corey lisiguswe, kwa sababu ya zile stika, na Verlyn alipotaka kulitoa ili azibe upya pembeni nilimwambia ukiligusa mimi naondoka, hakuligusa. Kila theluji ikiyeyuka alikuwa anaingia mle na mataulo makuukuu, anakaa muda, anatoka nayo yanachuruzika maji, anayaanika kwenye kamba, na mimi sikuuliza ya nini.

Sasa mwaka huu amestaafu, akaivuta trela ndani ya banda, anasema anataka iwe tayari msimu wa uvuvi ukifunguliwa mwezi Mei. Mwanzoni nilifurahi, Bi Thelma, sikufichi. Akabadilisha magurudumu, akapitisha nyaya mpya za umeme, akaweka kijokofu na taa za kisasa, jiko la zamani akalisugua mpaka nikaona uso wangu, na mimi nikashona mapazia. Kisha siku moja tunakula, akaweka uma chini.

“Nyuma kumeoza,” akasema.

“Kumeoza vipi?”

“Kumeoza, basi. Ukibonyeza, kidole kinazama. Kile kitanda lazima kitoke.”

“Kitanda kipi?”

“Unajua kipi.”

“Haya, kikitoka unaweka nini?”

“Choo nimeshanunua, kile kidogo cha kubebeka. Magoti yako hayafiki tena choo cha kambini.” Akavuta bakuli. “Nikuongeze viazi?”

Viazi, Bi Thelma! Anang'oa mahali alipolala mwanangu aweke choo, halafu ananiuliza viazi! Niliinuka nikaenda bandani, na humo ndimo nilimokuta kilichonimaliza kabisa, maana kumbe alikuwa ameshapima. Juu ya meza yake ya kazi kuna plaiwudi mpya, na juu ya plaiwudi ile karatasi pana ya kufungia nyama, amechora kwa penseli umbo la kitanda cha Corey, lote zima, mpaka ule mkato wa fimbo, amefuata kila mpindo wake, kama fundi wa majeneza anayechukua kipimo cha maiti, eti ajue choo chake kitapata nafasi kiasi gani. Nikafunga mlango wa trela, nikauzamisha ufunguo ndani ya kopo la unga.

Mpaka leo hajaniuliza ufunguo uko wapi. Najua anajua, maana nilimwona anafuta alama za unga kwenye mlango wa kabati, anazifuta polepole, kisha akakunja kitambaa akaenda zake. Anakaa bandani mchana kutwa na trela iliyofungwa. Sijui anafanya nini.

Dada yangu Marlys, anayeishi Duluth, amenitayarishia chumba. “Wewe njoo kwangu,” anasema. “Mwanaume wa kuweka choo juu ya kumbukumbu ya mtoto wake si wa kuzeeka naye huyo. Utakuja kulia na nani?” Na mimi nusu ya nguo zangu ziko ndani ya sanduku. Nikimnyima ufunguo, trela itaendelea kuoza, nikimpa, Corey ananiondokea mara ya pili, na safari hii mwenye kumtoa ni baba yake. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Ufunguo, kaskazini mwa Minnesota

---

Mwenye Ufunguo,

Pole, dada yangu. Pole sana. Mtoto mmoja tu, na ziwa lenyewe mnalipita kila mkienda dukani. Hilo sina dawa yake na sitajifanya ninayo. Majina umeyabadilisha vizuri. Mji wetu una makanisa mawili na taa moja ya barabarani, nami nitaendelea kujifanya sikujui.

Sasa niruhusu nikugombeze.

Umeandika barua ndefu, jibu ukaliweka katikati, halafu ukalipita mbio kwa hasira. Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa huo huo wa trela kuukuu. Banda langu lilijaa mbao zilizooza ambazo nilikatazwa kabisa kuzichoma, kwa sababu watu hawa hawatupi ubao mbovu mpaka wakate mpya kwa kuufuata. Ule mbovu ndio kipimo. Anayetaka kuweka choo tu hapotezi karatasi kuchora kitanda. Na anayetaka kitanda kipya cha kawaida anakata pembe iliyonyooka, kazi imekwisha. Choo kina haja gani na mkato wa fimbo ya kuvulia?

Fikiria alivyofanya, dada. Mzee mzima alipanda pale juu, akalala kifudifudi kwenye ubao unaobonyea, akashika penseli akafuata mkono wa mwanawe, mpindo kwa mpindo, asikosee hata mmoja. Wewe ukaona jeneza. Mimi naona kitanda.

Na hicho choo? Umeniambia mwenyewe kitanda kile ni cha juu. Basi chini yake kuna nafasi, na huko ndiko mume wangu naye alikoweka chetu. Ndiyo, Verlyn alipaswa kukueleza kwa maneno kamili badala ya kukimbilia bakuli la viazi, na akisoma hapa ajue nimemkasirikia. Lakini wanaume wa huku kwetu hata mguu ukikatika watakuambia hali si mbaya sana. Ungemwuliza swali moja zaidi. Hukumwuliza, kwa sababu na wewe ni wa huku huku.

Linalofuata litauma, kaa chini kwanza.

Maji yaliingilia dirishani. Stika ziko kwenye kioo. Kioo kingetolewa na stika zake, pembeni kukazibwa upya, kikarudishwa na stika zake. Ulikataa, na ninaelewa kwa nini ulikataa, ningekataa na mimi. Ila kule kutoligusa ndiko kulikoozesha kitanda. Sikwambii ili ujichape. Nakwambia ili ujue yale mataulo yalikuwa nini. Mumeo alijua tangu masika ya kwanza maji yanapita wapi na kwa sababu ya nani. Alikuwa na chaguo la kugombana na mama aliyefiwa, au kukausha. Akakausha, mwaka baada ya mwaka, akayaanika mataulo mbele ya macho yako. Na siku ile mezani alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema ni wewe. Alisema “kumeoza, basi.” Alilimeza lile jingine, akakuuliza kama utaongeza chakula. Huyo ndiye ambaye Marlys anasema si wa kuzeeka naye. Mwambie Marlys nimemsalimu na chumba apangishe.

Inawezekana nimekosea, mimi siko ndani ya kichwa cha mumeo. Ila wewe unakula naye meza moja.

Kwa hiyo, fanya hivi. Toa nguo kwenye sanduku uzirudishe kabatini, zote, usiache za akiba. Ufunguo uoshe unga. Mlifungue dirisha pamoja. Wewe ushike kioo kwa mikono yako miwili wakati yeye anakitoa, ukiweke juu ya blanketi, kisiguswe na mwingine mpaka kirudi mahali pake. Kitanda kikitoka, kishikeni pande mbili. Usitake kukihifadhi chote, ukungu utawaingia nyumbani. Mwambie akate ile pembe yenye mkato aikaushe, na muipigilie ndani ya trela mahali mnapoiona mkiwa mmelala. Kisha ubao mpya ukiingia, mtandikie.

Na sitakudanganya, kitanda kipya si kile alicholala. Hakuna fundi wa kukurudishia kile. Kilikwenda kidogo kidogo huku mmekaa vyumba viwili tofauti mkilia kwa zamu, na hilo linastahili machozi kuliko choo chochote. Lieni, lakini safari hii lieni mahali pamoja, na litajeni jina lake kwa sauti. Umeniandikia barua nzima na humo Verlyn hajamtaja Corey hata mara moja, wala wewe hukumtaja mbele yake. Mtoto alikuwa na jina.

Umesema hujui mumeo anafanya nini bandani mchana kutwa na trela iliyofungwa. Anakungoja. Nenda leo, usisubiri Mei. Fungua mlango, uweke ufunguo juu ya ile karatasi aliyoichora, na umwite Baba. Atakaa kimya, unamfahamu. Wewe usiondoke.

Bi Thelma