Nani Aliiokota?

4 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na koo lako, maana siku hizi koo lako ni mali ya watu wengi. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua anapoinuka, akishainuka anasahau. Nakuandikia kwa sababu simu ukipiga wewe ananinyang'anya, na nikipiga mimi ananinyang'anya vilevile.

Hongera kwa kipindi chako cha historia redioni. Alhamisi ikifika, madaftari ya wanafunzi wangu yanaondolewa mezani ili redio ipate nafasi, na mimi naambiwa, "Nyamaza, mwenzio anaongea." Ninayemkanda goti ni mimi. Ninayeambiwa ninyamaze ni mimi. Sisemi kwa ubaya, nakupa habari tu.

Hata darasani umenifuata. Nilitoa swali: kwa nini dola kubwa huinuka, na kwa nini huanguka? Unajua ninavyofundisha. Dola huinuka watu wakiwa na njaa moja, na huanguka wakishashiba wakaanza kuchunguliana sahani. Msichana mmoja akaandika, "Kama asemavyo yule dada wa redio," kisha akayamwaga maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Nilimpa nusu ya alama. Nilijua namwonea, nikampa nusu hivyo hivyo.

Sasa lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita ulieleza jina la kipindi chako limetoka wapi. Ukasema ulipokuwa mdogo ulimsikia baba akisema dola ya Kirumi ilianguka, nawe ukadhani ni dola ya noti, ukamuuliza, "Nani aliiokota?" Watangazaji wenzio wakacheka mpaka wakakohoa. Mama alikuwa amenipa mgongo, sikumwona uso.

Kasuku, baba aliijulia wapi Roma? Baba alijua mbao na gundi. Aliyekuwa akisoma kwa sauti, akijiandaa na mtihani, ni mimi. Wewe ulikuwa chini ya meza unatafuna chaki yangu. Uliniuliza mimi, na nyumba nzima ilipocheka, mimi peke yangu sikucheka.

Naomba nitajwe tu. Sina lingine.

Dada yako


17 Machi

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya kiyoyozi cha studio hayaishi. Mpe Mama salamu, mwambie asilipe goti uzito wote anapoinuka.

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ofisini nikacheka peke yangu. Dada, umeanza kudai haki miliki ya swali la mtoto? Mimi namkumbuka baba. Nayakumbuka hata maranda ya mbao kwenye suruali yake. Labda kichwa changu kimechanganya mafaili, lakini kumtaja baba au kumtaja wewe kunapunguza nini? Watu walicheka, kipindi kikaenda.

Nina habari tamu zaidi. Mwalimu mkuu wako amenipigia simu. Anataka siku ya kufunga shule nije kuzungumza na wanafunzi na wazazi kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola. Nimekubali hapo hapo! Nitalala nyumbani, kitanda kile kile, nawe usianze kukoroma mapema. Nimemwomba wewe ndiye unikaribishe jukwaani. Andaa maneno mazuri, unitie chumvi kidogo.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo. Mimi sijambo kwa nje.

Nikukaribishe jukwaani? Ile hotuba ya kufunga shule ni yangu. Kila mwaka ni yangu. Wazazi wanaijua, hata wale wanaosinzia wanajua wasinzie sehemu gani. Mwalimu mkuu hakuniuliza. Nimeyasikia kwa mpishi wa shule, akiniuliza unapenda chai ya namna gani.

Wewe unayepewa saa nzima kila wiki kueleza dola, hebu nikukumbushe kidogo. Wainka wa Amerika ya Kusini walikuwa na milki iliyofuata milima mpaka macho yakachoka. Mfalme wao alipokufa, wanawe wawili wakagombea kiti. Walipomaliza kuuana wao kwa wao, wageni wachache wakaingia wakakuta mlango uko wazi. Wajukuu wa yule mkuu wa Wamongoli nao walishikana mashati mpaka milki ikapasuka vipande. Masultani wa Kituruki waliona heri wawahi: anayekalia kiti ananyonga ndugu zake wote asubuhi, mchana anatawala kwa raha.

Mimi sijakuomba ufe. Nakuomba umwambie mwalimu mkuu una mafua, na mafua unayo.

Una redio. Una jiji. Una Mama kila Alhamisi, na Alhamisi inayopita anaizungumzia mpaka Jumanne. Niachie ukumbi mmoja wenye viti vya plastiki. Ukija, mimi sitakuwepo, na Mama utamweleza wewe.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Nimempigia mwalimu mkuu. Nina mafua. Jukwaa lako hilo, livae.

Ila na mimi nina langu, kwa kuwa tumeanza. Unasema nina Mama kila Alhamisi. Mama ndiye aliye na mimi. Mimi nina kioo cha studio na taa nyekundu. Nazungumza saa nzima simsikii hata akikohoa. Wewe anakwambia unyamaze, mwenzio nikisikia hivyo wivu unanipanda, maana ili akunyamazishe lazima muwe chumba kimoja. Unamkanda goti unalihesabu kama mzigo. Mimi sijui hata ni goti gani.

Unataka kujua kwa nini nilimtaja baba? Kwa sababu baba hawezi kuniandikia barua akidai chake.

Tangu utoto kila kitu kilikuwa chako kwanza. Meza yako, chaki yako, taa yako, mimi nikae chini. Nimepata kitu kimoja ambacho hukukigusa kabla yangu, nacho unasema ulikigusa.

Mdogo wako


26 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko? Nimekawia kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mama mzima wa mwili.

Hotuba nilitoa. Mama sikumwambia kwamba huji, nikidhani nitapata nafasi, na nafasi sikuitafuta. Alikuja na kitambaa kipya kichwani, akaketi mstari wa mbele, mkoba mapajani, kiti cha pembeni amekizuia kwa ajili yako. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba una mafua. Ukumbi ukaguna. Mama akasema, si kwa kunong'ona, "Mafua gani? Jana redioni sauti ilikuwa safi."

Nikapanda hivyo hivyo. Kipaza sauti kikapiga mluzi. Nikasema, mdogo wangu hayupo, lakini lile swali lake maarufu mnalolipenda, aliyeulizwa ni mimi. Nilikuwa nasoma kwa sauti mezani, akaniuliza mimi, na mimi peke yangu sikucheka.

Mama akasema, "Mwongo."

Ukumbi mzima, Kasuku. Wanafunzi, wazazi, mpishi mlangoni na birika lake.

"Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote," akasema. "Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Mtoto akatoka chini ya meza analia, akanifuata mimi, nilikuwa nafagia maranda ya baba yenu. Akaniuliza, Mama, dola ikianguka nani anaiokota? Nikamwambia, yule aliyekuwa anafagia."

Watu walipiga makofi, mimi nikiwa nimesimama na karatasi zangu. Roho iliniuma ajabu. Nimefundisha miaka yote kwamba Roma ya magharibi iliangushwa na askari wale wale iliowaajiri kutoka nje waje kuilinda, na kwamba kule Misri watumwa waliofunzwa kupigana walikuja kukalia kiti cha mabwana zao. Nimeyafundisha kama sababu ya nne, ile ya kunakili kabla kengele haijalia. Jibu zuri kuliko yangu yote, na halikuwa langu. Nikajifariji kidogo kwamba halikuwa lako pia.

 Tulipofika nyumbani Mama akaketi kitandani, viatu miguuni, akasema, "Redioni ni baba yenu. Jukwaani ni wewe. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekufa?"

Alhamisi iliyofuata madaftari yangu yalibaki mezani. Iliyofuata pia. Redio ameifunika kwa kile kitambaa kipya. Ule ukimya nilioutamani nimeupata, ninasahihisha kazi za watoto nasikia kalamu yangu inavyokwaruza, na sina raha. Juzi niliiwasha mwenyewe kwa sauti ya chini nikusikie. Akaja akaizima.

Mwalimu mkuu ameniuliza kama mwakani Mama atakuwa na nafasi.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo, mshikie Mama miguu kwa niaba yangu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Yale maranda niliyodhani yalikuwa kwenye suruali ya baba yalikuwa kwenye ufagio. Sasa nauona, hata rangi ya mpini. Kumbe nilimkumbuka mtu sahihi nikampa jina la mwingine, saa nzima, mbele ya nchi nzima.

Nakuja mwisho wa mwezi na kinasa sauti. Kipindi kizima kitakuwa chake, na nitaanza kwa kusema nilikosea. Nawe utajwe, uliyeegemea ukuta ukicheka.

Nakuomba jambo moja, kwa heshima zote. Usimuulize kitu chochote kuhusu siku ile kabla sijafika. Tafadhali Dada. Umekaa naye miaka yote, niachie hili moja nilisikie wa kwanza.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu Kasuku,

Hatujambo, na kitanda chako nimekitandika.

Umechelewa, nimeshamuuliza. Barua yako ilikuwa bado mkononi. Nilimuuliza, baada ya kumjibu mtoto vile, mtoto akasema nini?

Mama akasema hilo hanijibu mimi, anamsubiri mwenyewe.

Usingoje mwisho wa mwezi. Njoo Jumamosi hii, kabla sijapasuka.

Dada yako