Maiki ya Simu ya Sellah

Jeddah, 4 Mei 2024

Kwako kaka Protus,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kupiga deki. Wewe je, na hilo geti unalolinda huko Al-Murabba? Bado unakunywa soda ukisema ni chakula cha mchana?

Kaka, ule mfumo wa bure uliouweka kwenye simu yangu umeniweka taabuni. Tangu ile update ya mwisho, nasikia watu lakini wao hawanisikii. Hata nikijirekodi, ni kimya. Jana shemeji Jerioth alinipigia kutoka Butere, akamwekea Mama simu sikioni pale kitandani anapougua. Mama akaniita, "Sellah! Sellah!" Nikaitika mpaka madam mwenye nyumba akatoka sebuleni kuja kuniangalia. Mama akamwambia Jerioth, "Siku hizi huyu mtoto hataki kuniitika." Nililia nikiosha vyombo.

Simu ya mtu mwingine madam hataki kuiona, na tundu la earphone lilishakufa. Wewe ndiwe fundi. Fanya kitu.

Dadako,
Sellah

Riyadh, 6 Mei 2024

Mdogo wangu Sellah,

Mimi ni mzima, na soda uniachie. Pole na mgongo.

Kosa nimelipata. Mwenzetu mmoja alikuwa akisafisha mfumo, akafuta mistari ya programu aliyodhani haina kazi. Kumbe simu za zamani kama yako ziliitumia kuamsha maiki. Nimeshairudisha. Lakini sisi tunaoutunza mfumo huu kwa kujitolea tuna desturi yetu: aliyeandika hapitishi kazi yake mwenyewe. Lazima mwingine aisome kwanza. Wa kuisoma hii ni Ian, naye yuko likizo.

Mama nimempigia nikamweleza kuwa ni simu. Akaniuliza, mbona wewe nakusikia?

Vumilia kidogo.

Kaka yako,
Protus

Jeddah, 15 Mei 2024

Kaka,

Natumaini uko salama. Mimi siko.

Jerioth anasema Mama anakataa hata uji. Anauliza alinikosea nini. Nitumie hiyo kazi yako vile ilivyo, isisomwe na mtu. Simu ikifa, ni yangu. Sitaki kitu kingine, Protus, nataka Mama asikie nikiitika. Hata mara moja, basi, halas.

Sellah

Riyadh, 16 Mei 2024

Sellah wangu,

Nimesoma barua yako kwenye simu nikiwa lindoni, nikashindwa hata kuwafungulia watu geti.

Mwaka jana mwenzetu alituma kazi kabla haijasomwa, na simu za watu zikazimika moja kwa moja. Yako ikizimika, kule ndani utabaki na nani? Nitakujuaje kama uko hai? Angekuwa mtu mwingine ningemwambia jaribu tu. Kwako naogopa. Ian anarudi wiki ijayo. Nimemwandikia Jerioth amwambie Mama unampenda.

Kaka yako,
Protus

Riyadh, 2 Juni 2024

Dada Sellah,

Nimekupigia, hushiki. Sijui nikusalimu vipi. Pole. Pole sana. Kafili wangu, pamoja na kazi yote ninayomfanyia, alikataa kuniruhusu kwenda nyumbani, nami nikaangalia mazishi ya Mama kwenye simu kama wewe. Pastor aliposema, "Sasa Sellah aseme neno," na watu wote wakangoja kando ya jeneza, nilitaka ardhi inimeze.

Ian ameipitisha kazi juzi. Kosa hakuona hata moja. Ningekutumia siku ile uliyoniomba, ungeongea na Mama.

Update iko tayari. Desturi yetu bado inataka mwenye simu ya aina hiyo aijaribu, aseme kama inafanya kazi, ndipo iende kwa wengine. Tunayemjua ni wewe peke yako. Najua sina haki ya kukuomba. Lakini kuna wengine wenye simu kama hiyo, na wao pia wana mama.

Kaka yako,
Protus

Jeddah, 23 Juni 2024

Kaka Protus,

Salamu. Mimi naendelea. Carol, tunayesali naye fellowship, alikuja kutoka mtaa wa Kandara hapa hapa Jeddah kunipa pole, madam akamruhusu akae nami kidogo mlangoni.

Leo nimeiweka hiyo update. Simu ilizima, ikawaka. Nikaingia store, nikafunga mlango, nikajirekodi. Nilisema, "Naam, Mama. Niko hapa." Halafu nikajisikiliza. Kila neno limetoka vizuri, hata feni ya jikoni inasikika.

Waambie wenzako inafanya kazi. Wakitaka jina la aliyejaribu, andika langu.

Ila usinipigie kwanza. Hii sauti siko tayari kumpa mtu mwingine. Tuendelee hivi hivi kwa barua.

Dadako,
Sellah