Masika Mumoja wa Kalunguta

Yaya Masika,

Salimia batoto huko Butembo. Niko Kalunguta, mvua ya kupanda inapiga mabati ya nyumba ya bapadri pa paroisse, na chai ya tangawizi yenye bamama ba huku balinipa iko inapoa mbele yangu.

Unajua kama kwetu Banande musichana wa kwanza wa kila nyumba anaitwa Masika, kama wewe dada yangu. Machine haijui. Siku hizi yenyewe njo inatuandikia ba programme. Sisi ba informaticien, batu ba computer, tunasoma tu na kutia sahihi. Ile ya kugawa mbegu ya maharagi iliona ba Masika bengi kwenye liste ya benye kupokea, ikafikiri ni mutu mumoja anajiandikisha mara mingi. Ikabafuta, ikabakisha mumoja. Mimi nilisoma mbio-mbio, nikatia sahihi.

Leo bamama balipanga mustari na vitunga. Masika mumoja akapata. Bengine nikabaambia: "Jina yenu hapana kwenye liste."

Mama mumoja muzee akauliza nani aliandika ile kitu.

"Ni machine, mama."

"Na wewe, jina yako?"

"Kambale."

"Kambale! Mutoto mwanaume wa pili wa Munande, na ukaacha machine itufute?"

Chef wa camion, ile lori yenye ilileta mbegu, alikataa kuitoa nje ya liste, akairudisha Beni. Niliandikia machine kosa yake. Ikaomba musamaha palepale, na adabu yote.

Ujichunge, yaya, na usiambie mama. Angali anajisifu kanisani kama mutoto wake njo anafundisha machine.

Mudogo yako mwenye kukupenda,
Kambale