Mimba Isiyotajwa

Jumatatu, 4 Mei 1953

Majani ya ng'ombe leo mzigo mmoja tu. Mgongo unauma. Ndeshi, mke wa mjukuu wangu, hakushuka nami kukata. Mkojo unamchoma. Ana mimba ya miezi miwili, tunajua mimi na yeye tu. Mimba changa haitajwi, midomo ya watu huiharibu. Nimemwambia asimwambie yeyote. Mtoto msikivu, ila mtori wake wa ndizi ni maji ya kuoshea vyungu.

Jumatano, 6 Mei

Homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mizizi niliyomchemshia ameitapika. Anataka zahanati. Nimekataa. Sindano hutoa mimba, nani asiyejua? Naogopa.

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi hakunitambua. Basi nikaita majirani, wakambeba kwa machela. Tope mpaka magotini.

Huko zahanati akazindukana kidogo. Dresa, yule mtibabu wa pale, akamwuliza kama ana mimba. Akasema hana. Alisema hivyo huku akinitazama mimi.

Dresa akaanza kuvuta dawa ya sindano kwenye kichupa. Nikasema mbele ya foleni nzima, wanaume wakiwamo: "Anayo. Ya miezi miwili. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Akairudisha ile dawa. Alisema hiyo wanaiogopea mtoto wa tumboni. Akachukua penisilini, akasema wajawazito wengi wameshachomwa hiyo na hawajaona ikiwadhuru. Nikamwambia sindano zote hutoa mimba.

"Bibi, homa hii ndiyo inayotoa mimba. Na mwenye mimba naye ingemchukua."

Nimekaa chini palepale sakafuni. Mimi mimba zilinitoka tatu. Zote kwa homa. Miaka yote nimelaumu midomo ya watu.

Jumamosi, 9 Mei

Bado wanamchoma. Nalala sakafuni kando yake. Sili. Naandika kwa herufi nilizopata darasa la ubatizo. Nilikuwa namwua kwa mikono yangu, huku nampenda.

Alhamisi, 14 Mei

Tumerudi nyumbani. Homa imekwisha. Damu haikutoka hata tone.

Nimekata jani la isale kihambani, kwenye migomba yetu, la kuombea msamaha. Mkubwa hampelekei mdogo isale. Nimempelekea, kwa mikono miwili. Akalipokea. Kisha akasema, "Bibi, basi mtori leo upike wewe."

Nimeupika. Mvua inanyesha. Amekula bakuli mbili.