Jina Nililompa Mtoto wa Losala

Kisangani, cité ya Tshopo

Yaya, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, Shemeji na watoto wote. Mguu wako unaendeleaje? Mama mmoja aliyekuja kutoka Kindu aliniambia bado unachechemea ukitoka shambani, na tangu hapo nikikaa kula nakuona wewe na kapu lako la mihogo. Mimi mwili ni mzima. Kazi ya barrage, lile bwawa la umeme, haijaisha, tunabeba mawe na simenti, jioni mikono haikunjiki vizuri, lakini tunakula. Ni moyo ndio una haya, Yaya. Siku hizi nikienda sokoni napita njia ya nyuma. Barua hii isome peke yako kwanza, kabla hujawasomea wengine.

Unajua siku zangu za mapumziko napiga gitaa. Basi, kuna mwimbaji mmoja wa nchi ya Meksiko, ambaye pia alikuwa akicheza sinema. Jina lake linatushinda kulitamka, kwa hiyo hapa cité, mtaani kwetu, tulimwita Kofia Kubwa. Filamu zake zilionyeshwa uwanjani kwenye kitambaa cheupe, na akianza kuimba juu ya farasi, hata watoto waliobebwa mgongoni walinyamaza. Diski zake ziko dukani kwa Mreno mmoja, muuza vitambaa. Nilisimama mbele ya duka lile siku nyingi mpaka nyimbo zikaniingia. Zilizoniingia ni sauti, Yaya. Maneno sikuyajua hata moja.

Lakini watu walipenda. Wakaniita Meksiko, wakanialika kwenye harusi, na kila nikimaliza kuimba waliniuliza, "Meksiko, hapo ulisema nini?" Kusema sijui kulinishinda. Nikawaambia wimbo huu ni wa mama aliyefiwa, ule ni wa farasi aliyepotea. Wakaniuliza na habari za Kofia Kubwa mwenyewe. Nikasema ni mtoto wa mfalme, baba yake ana ng'ombe kuanzia hapa mpaka Banalia. Walinisikiliza kama wanavyomsikiliza mtu aliyesoma.

Jirani yangu ni Papa Losala, mvuvi wa Yanonge. Yeye na mkewe Bea, tunayemwita Mama Bea, walizika watoto kabla ya kumpata huyu wa sasa, msichana. Mtoto alipozaliwa, Losala alinijia akiwa bado ananuka samaki, akasema, "Meksiko, kuko neno moja, pale sauti yako inapanda sana. *Mentira*. Ile iko nini?"

Nikamjibu palepale, bila hata kufikiri, "Ni mwanga wa asubuhi, Papa."

Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chakula. Kesho yake mkewe alikuwa akimwita mtoto hivyo, na mtaa mzima ukafuata.

Mwezi uliopita Kofia Kubwa alikufa. Habari aliipata Madame Inesi kwenye radio. Huyo ni mke wa yule Mreno, lakini yeye mwenyewe ni wa Hispania, na lugha ya nyimbo zile ndiyo lugha ya mama yake. Cité ikaomboleza, Yaya. Nilikuwa sijaona watu wakimlilia mtu ambaye hajapata kukanyaga nchi yao. Jumapili mchana wakafanya matanga kwenye uwanja wa baa, wanawake wakakaa kwenye mikeka na watoto wao, na mwenye baa akamwalika Madame. Akaja, kitambaa cheusi kichwani.

Alisimama akatueleza maisha ya marehemu kwa Kiswahili chake cha dukani. "Ule mutu alikuwa mutoto wa fundi wa viatu," alisema. "Farasi hakukuwa nayo. Alikuwa anachunga farasi ya wengine." Akaeleza jinsi alivyokwenda mji mkubwa akitaka kuimba, watu wa radio wakamfukuza, wakisema anaimba kama mtu wa shamba. Akaosha sahani kwenye hoteli, akiimba huko jikoni. Siku moja wakatafutwa watu wanaojua kupanda farasi kwa ajili ya filamu, akaenda, na walipomsikia akiimba peke yake kwenye zizi wakamweka mbele. Akapata jina, akapata nyumba, akaoa, akaachwa, akaoa tena. Watu wakubwa wakamwambia afiche habari ya baba yake. Akakataa. Kila alikoimba alisema kwanza, "Mimi ni mtoto wa fundi wa viatu wa mahali fulani." Mwishowe kifua kikamshika. Daktari akamkataza kuimba, naye akaimba akiwa amekaa kwenye kiti, mpaka kiti nacho kikamshinda.

Watu walikuwa wakinigeukia mmoja mmoja. Wapi mfalme? Wapi ng'ombe wa Banalia? Nikatazama gitaa langu.

Kisha Madame akasema, "Bon, sasa Meksiko atuimbie."

Nikaimba, ningefanya nini? Mwanzoni alifumba macho. Halafu akayafungua, akanitazama mdomo. Nilipomaliza aliniuliza taratibu, bila ubaya, "Mutoto wangu, ulikuwa unasema nini?" Nikaanza kukaza nyuzi za gitaa. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, uwanja mzima. Kicheko kile ningekivumilia. Lakini Mama Bea alikuwa amekaa karibu na Madame, na mtoto akashika kitambaa cheusi akakivuta. Madame akatabasamu, labda alitaka kuniokoa. "Na huyu, jina lake nani?"

"Mentira," akasema Mama Bea kwa fahari.

Losala akasogea. "Madame, iko mwanga wa asubuhi, sivyo?"

Alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. "Apana, Papa. Iko uongo. *Mentira*, ni uongo."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Bea alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga mtu. Losala alimfuata. Aliponipita hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku zilizofuata sikutoka ila kwenda kazini. Gitaa nililitundika. Kisha nikaona haifai kuwangoja wao waje kwangu. Nikaenda kwao asubuhi, nikapiga magoti mlangoni. Nilisema tu, "Sikujua, na nilijifanya najua."

Mama Bea alikuwa akinyonyesha. "Tulizika wengine bila jina," alisema. "Huyu tukasema apate jina zuri. Na wewe ukatupa ile."

Losala akasema, "Bon. Utatupa ingine. Lakini safari hii utupe jina ya mutu ulimuona na macho yako."

Yaya, mdomoni mwangu halikuwepo jina jingine. Nikawaambia, "Yaya yangu anaitwa Mauwa. Mama alipokufa yeye ndiye aliyenibeba." Wakaniuliza wewe ni mtu wa namna gani, nikawaeleza, bila kuongeza kitu. Nilisema hata habari ya hasira zako, na jinsi ulivyonichapa niliposema uongo juu ya yule mbuzi. Hapo Mama Bea alicheka kidogo. Akasema, "Mwandikie kwanza. Jina ni yake. Aitike yeye mwenyewe."

Ndiyo maana nimeandika. Ukikataa nitaelewa, nitakwenda kuwaambia.

Nisalimie Shemeji fundi wa matofali, Shangazi mfinyanzi, na Baba Mkubwa muadhini, ila yeye usimtajie baa. Wabusu wapwa wangu.

Wanangoja neno lako, Yaya. Kwa sasa wanamwita Mutoto tu, na yeye akisikia anageuka.

Mdogo wako uliyemlea,
Radjabu